Watu wa Alhamisi

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Aikande,

Shikamoo Dada. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi, umetoka kanisani na kuvua viatu, na lile goti la kushoto limekupa ahueni. Mama anaendeleaje? Neema aliniambia mlipoongea juzi kwamba siku hizi anasikia upande mmoja tu, na kila mgeni anamlazimisha akae upande huo hata kama ni mchungaji. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akanitazama. Ng'ombe amezaa salama? Na migomba ya kule bondeni, upepo uliiachia kitu?

Sisi huku hatujambo. Joto limeanza kuwa kali, maji yanakatika na kurudi, lakini tunakula na tunalala. Wifi yako Neema ni mzima. Watoto wanasoma. Mkubwa sasa amempita mama yake kimo na anajiona ndiye baba mwenye nyumba.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, kwenye simu mdomo wangu umezoea njia moja. Ukiniuliza kama ni mzima, wenyewe unajibu "mzima kabisa" kabla mimi sijaamua. Tena wewe simu unaiweka sauti ya juu ili Mama naye asikie, na jikoni kwako hapakosi jirani. Bahasha hii nitamkabidhi kondakta wa basi la huko kesho alfajiri. Isome kwanza peke yako. Ukimaliza, uamue mwenyewe nani mwingine ajue.

Dada, mimi ni mlevi. Utasema hiyo si habari. Ni kweli, kwetu kila mtu anajua kwamba "Ami anapenda kinywaji," na mnalisema vile vile mnavyosema fulani anapenda ndizi nyama. Lakini mnachokijua ninyi ni kile cha Desemba, cha kukaa na wajomba na kuimba. Hiki cha huku hamkijui. Huku nilikuwa nikiamka mikono inatetemeka hata kufunga kifungo cha shati siwezi, mpaka ninywe. Dukani nilikuwa na chupa ya soda chini ya kaunta, na ndani yake hamkuwa na soda. Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshainywa nusu, ndipo naonekana mtu wa kawaida. Watu walidhani ninakunywa ili nifurahi. Dada, nilikuwa nikinywa ili niweze kusimama. Imekuwa hivyo kwa miaka, na kila mwaka nilikuambia ni malaria imenichosha.

Sasa nikueleze yaliyonipata, maana ni makubwa na bado mimi mwenyewe nayastaajabia.

Ilikuwa asubuhi kama zote. Akaja dukani dereva wa lori, mtu mzima wa makamo, kofia ya kushonwa kichwani, mmoja wa hawa wanaobeba makontena kutoka bandarini kwenda bara. Nitamwita Bakari. Si jina lake, na utaona baadaye kwa nini nalificha. Alitaka vipande vya breki vya gari lake. Mimi nikapanda ngazi, nikashusha boksi, nikalifuta vumbi, nikampa. Hakulipa. Akalifungua palepale, akatoa kipande kimoja, akakipima kwa kiganja.

"Bosi, hizi si zenyewe," akasema.

"Ndizo hizo," nikamjibu. "Miaka kumi na nne nauza hizi."

"Hizi ni za gari dogo. Mimi nashuka milima na tani thelathini mgongoni."

Nikachukua boksi nisome. Dada, namba nilikuwa naziona mbilimbili. Nikajifanya natafuta miwani, na mimi sina miwani. Mikono ikaanza. Nikaishika kaunta, kaunta nayo ikaanza kutikisika, nati zikalia ndani ya bakuli. Nilisubiri matusi. Hapa Gerezani ukimpa dereva kifaa kisicho chake anaita wenzake, na siku hiyo hufanyi biashara.

Yeye akarudisha kipande ndani ya boksi taratibu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza bei, "Ya kwanza umekunywa saa ngapi leo?"

Nikamwambia hayamhusu.

"Kweli," akasema. "Mimi yangu nilikuwa nakunywa kabla ya kupiga mswaki. Mke wangu alijua ni dawa ya kifua. Kwenu nyie pombe ni sherehe, kwetu ni siri. Lakini asubuhi mikono inatetemeka sawasawa."

Kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuhusu mikono. Nilidhani ni yangu peke yangu. Bakari akachana kipande cha karatasi ngumu cha lile boksi, akaomba kalamu, akaandika: Upanga, jina la mtaa, geti la kijani, Alhamisi saa kumi na moja jioni. Akakisukuma upande wangu. Kisha akanionyesha kwa kidole boksi sahihi, lilikuwa rafu ya juu, akalipia, akaondoka. Nami nikakaa kwenye kigoda nikiifikiria ile milima. Je, angekuwa mtu asiyepima kwa kiganja?

Alhamisi ya kwanza sikwenda. Ya pili nilifika mpaka Mnazi Mmoja, nikakumbuka kwamba kuna mzigo natakiwa kuupokea Kariakoo, na hakukuwa na mzigo wowote. Ya tatu nilijiambia natembea tu kunyoosha miguu. Nilikuwa nimekunywa, lazima niseme, maana bila hivyo nisingefika hata barabarani. Nikalipita geti la kijani mara mbili. Ni shule ya chekechea, Dada, katikati ya maghorofa, na ukutani wamechora tembo na nanasi. Nikajua nimepotea. Mlinzi alikuwa ananitazama tangu mara ya kwanza.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Natafuta nyumba ya kupanga."

"Haya," akasema. "Wanaotafuta nyumba za kupanga siku ya Alhamisi, ni mlango wa pili kushoto." Wala hakucheka.

Mlangoni nikakutana na mama mmoja mzee wa Kihindi, mfupi, sauti nzito, Kiswahili chake cha mjini hapahapa kama alichonyonya kwa mama yake. Alikuwa anamimina chai kutoka kwenye birika kubwa. Akaninusa. Hakuficha kwamba ananinusa.

"Umekunywa leo?"

Nilitaka kusema hapana. Sijui kilichotokea. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Basi umekuja siku yenyewe," akasema. "Shika kikombe. Shika kwa mikono miwili, hapa hakuna anayekuangalia."

Nikaingia. Watu kumi na tano hivi, wamekaa kwenye duara, kwenye viti vya watoto. Dada, viti vyenyewe ni vya watoto wa miaka minne. Kulikuwa na mwanamume mmoja kipande cha mtu, mabega ya kuli wa bandarini, magoti yamemfika kidevuni. Pembeni yake bwana mmoja wa suti, tai imefungwa vizuri, naye kajikunja vilevile. Kulikuwa na dada wa sokoni na mtandio wake. Mzee mmoja nilimfahamu kwa sura, maana ni mfanyabiashara mwenye jina kubwa huko Kariakoo, mtu ambaye wengine wetu tukimwona tunasimama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha rangi ya waridi. Aliniona, akanipa salamu kwa kichwa, akasogeza kiti kingine cha rangi ya waridi karibu yake. Bakari alikuwa upande wa dirisha. Hakunyanyuka wala kushangilia. Alisogeza miguu tu nipite.

Sasa hapa ndipo ninaposhindwa kukueleza vizuri. Yaliyosemwa mle siwezi kukuandikia, kwa sababu sharti lao ni kwamba ya chumba hubaki chumbani, na majina hubaki huko huko. Ndiyo maana Bakari si Bakari. Yeye amenipa ruhusa niseme yake, wengine sikuwaomba. Lakini naweza kukuambia jinsi yalivyosemwa.

Mtu mmoja anaongea. Wengine wote wananyamaza. Haulizwi, hakatizwi, hapewi ushauri. Wewe unajua vikao vyetu vya ukoo. Mtu akisema kichwa kinamuuma, shangazi ameshataja mti, mjomba ameshataja daktari, na mwingine ameshasema ni kwa sababu hakwenda ubatizo wa fulani. Mle ndani mtu alisema jambo ambalo mimi ningelificha mpaka kaburini, akalisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyoeleza alivyopanda basi. Akafika mahali akanyamaza. Nikangoja watu wamrukie. Hakuna aliyemrukia. Feni ilikuwa inazunguka, nje mwuza maji ya kunywa anapita na kengele yake. Tukakaa na ule ukimya, watu wazima kumi na tano kwenye viti vya watoto, mpaka yule mtu mwenyewe akasema, "Ni hayo tu." Wote wakamjibu, "Asante." Basi. Zamu ya mwingine.

Dada, mimi nimekaa makanisani, misibani, harusini. Sijawahi kuona watu wakimsikiliza mtu namna ile. Niliogopa, lakini si woga wa kukimbia. Ni ule tuliokuwa nao zamani wingu likifunguka ghafla asubuhi na mlima ukawa hapo, mkubwa kuliko tulivyoukumbuka, nasi tumesimama na madumu ya maji tumesahau tulikotumwa.

Bakari akasema yake. Alisema kwamba safari moja alizinduka garini, lori limeegeshwa pembeni ya njia, taa zinawaka, na ng'ambo ya barabara pundamilia wanakula majani. Alikuwa ameshaingia mbugani Mikumi. Kitu cha mwisho alichokikumbuka ni chai aliyokunywa Chalinze. "Njia yote ile," akasema, "na magari yote niliyopishana nayo. Nani alikuwa anaendesha?" Akasema, "Ni hayo tu." Nami kwa mara ya kwanza nikasema "Asante" pamoja na wengine.

Mimi siku hiyo sikusema kitu zaidi ya jina langu. Kutoka, yule mama wa chai alinishika mkono wa shati. "Kesho asubuhi usiache ghafla kwa ujeuri," akasema. "Mwili uliozoea kama wako ukinyimwa ghafla unaweza kukuua. Nenda hospitali, mwambie daktari ukweli wote kama ulivyoniambia mimi. Nenda na mkeo."

Nilikuwa sijamwambia Neema kitu. Nilifika nyumbani, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwambia nimetoka wapi. Hakuinua macho. Aliendelea kutoa mawe, moja, moja, kisha akasema, "Hospitali tunaenda saa ngapi?" Ni hilo tu. Tukaenda. Nikamwambia daktari ukweli, nikaona aibu, wakanilaza siku tano na dawa. Mtakumbuka niliwaambia ni homa ya matumbo. Haikuwa hiyo. Neema alikaa kwenye kile kiti cha mbao siku zote tano. Usiku wa pili niliona siafu ukutani wasiokuwepo, naye alikuwa anapangusa ukuta kwa khanga yake ili mimi nitulie, huku akijua hakuna siafu.

Nisikudanganye kwamba tangu hapo njia ilinyooka. Wiki ya sita rafiki yetu mmoja alikuwa anaoza binti, na wewe unajua huku vikao vya harusi vinafanyikia baa. Nikasema nitakunywa soda. Nikanywa soda, moja, mbili. Kisha mtu akaniambia, "Ami, umeokoka nini?" wote wakacheka, nami nikacheka nao, na mkono wangu ukanyooka kuchukua glasi kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Nilikunywa siku tatu mfululizo.

Alhamisi yake nilikwenda Upanga kuwaaga. Nilikuwa nimepanga maneno: samahani, nimewaangusha, sitawasumbua tena. Mlangoni yule mama wa chai akaninusa.

"Leo?"

"Leo bado. Jana."

"Kikombe kipo palepale," akasema.

Nikaingia nikasema yale maneno yangu ya kuaga. Wakanyamaza mpaka mwisho. "Asante," wakasema. Halafu yule mzee mwenye jina kubwa akaanza kusema yake, na katika yake akataja mara ngapi alirudi nyuma. Sikuitaja hesabu na sitaitaja, lakini Dada, nilimtazama usoni, mtu mwenye maghala, ambaye nilidhani alizaliwa ameshiba. Nikagundua hakuna mtu aliyekuwa ananisubiri niondoke. Tulipomaliza nikasaidia kupanga viti ukutani, na tangu siku ile kazi hiyo ni yangu. Naenda mapema navipanga duara, namaliza navirudisha, na kile cha waridi najua mwenyewe ni cha nani.

Sasa ni miezi minane sijaonja. Nashangaa vitu ambavyo vilikuwepo siku zote. Asubuhi nikifungua duka nasikia harufu ya chuma na ya kahawa ya yule mzee wa kona, zote kwa pamoja, na ninasoma namba kwenye maboksi bila kukunja uso. Jumanne mwanangu mdogo aliniletea hesabu za sehemu, tukakaa tukazifanya mpaka mwisho, akaniambia, "Baba, kumbe unajua." Nilitoka nje kidogo.

Dada, sasa nafika kwenye kile kilichonifanya nichukue kalamu. Nimezunguka sana, unisamehe.

Alhamisi mbili zilizopita niliongea mle ndani jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nitakuandikia wewe kama nilivyowaambia.

Siku Baba alipozikwa, nilikuambia kwenye simu kwamba basi limetuharibikia Korogwe. Basi halikuharibika. Mimi sikupanda basi. Neema na watoto walikuwa wametangulia, nami nilibaki kufunga duka, niwafuate alfajiri ya mazishi. Nilifika stendi mapema sana, moyo mzito, nikasema ninywe kidogo nipate nguvu ya kumwona Baba amelala. Pembeni ya stendi hapakosi pa kunywea. Basi langu liliitwa, nikasikia, nikasema linalofuata. Linalofuata likaitwa. Uliponipigia saa sita mchana ukaniuliza, "Mmefika wapi?" mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, Dar es Salaam, nikaziba simu kwa kiganja usisikie muziki. Nikataja Korogwe. Nikasema fundi anahangaika na gari.

Nawe ukawaambia wasubiri. Hilo nililijua baadaye. Wamenieleza wengi, wakidhani wananifurahisha. Kwamba ulisimama kando ya jeneza la Baba, ukamwambia mchungaji, "Kitinda mimba yuko njiani, hatumfukii Baba bila yeye." Kwamba mlingoja saa mbili nzima, watu wamesimama kwenye migomba, na mvua ikaanza. Kwamba mjomba alikasirika nawe ukambishia mbele ya ukoo mzima, wewe ambaye hujawahi kubishana na mjomba. Kwamba mwisho ulichukua udongo mara mbili, wa kwako na wa kwangu.

Mimi niliingia kesho yake jioni, nikalia sana, ukanifuta uso ukasema, "Pole mdogo wangu, magari ya siku hizi." Nikaitikia. Niliitikia, Dada.

Tangu hapo sijafika kwenye kaburi la Baba. Hujaniuliza, lakini naamini umeona. Kila nikija napita nyuma ya jiko nisilione.

Nilipomaliza kuwaambia haya watu wa Alhamisi, nikasema, "Ni hayo tu." Wakasema, "Asante." Nilijiona mwepesi, nikadhani nimetua mzigo. Tulipotoka Bakari akanisindikiza mpaka barabara kubwa. Tulisimama tukiangalia bajaji zinapita. Akasema, "Umetuambia sisi ambao hatukukusubiri. Aliyekusubiri ni nani?"

Sikulala vizuri siku kumi.

Jana nikaanza na Neema, kwa sababu naye nilimdanganya. Alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia yote, basi, Korogwe, kiti cha plastiki. Akaendelea kukunja. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipoingia pale getini. Shati lako nililichukua haraka nikalifua usiku uleule, kabla wifi hajalishika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Msiba ulikuwa wa kwenu." Kisha akakaa kitandani na lile fungu la nguo mapajani. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilishakata tamaa ya kungoja, nikawa nangoja tu kwa mazoea."

Dada, nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na saba. Amebeba hili peke yake miaka minne, amekaa jikoni kwako akikusikia unamlaumu fundi wa Korogwe, akanyamaza kunilindia heshima ambayo sikuwa nayo. Nilimtazama kama mtu niliyemwona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nikamsaidia kukunja nguo.

Basi, sasa umejua. Sikuandikii ili uniambie nimesamehewa. Ukikasirika, kasirika mpaka hasira iishe, usiifupishe kwa ajili yangu. Ukitaka kumwambia mjomba kwamba siku ile yeye ndiye alikuwa na haki, mwambie. Mama nakuachia wewe uone kama moyo wake unaweza.

Ninalo ombi moja. Bakari ana mzigo wa Arusha wiki ya mwisho ya mwezi huu, na amesema nafasi iko mbele garini. Sitaki kungoja Desemba, watu wote wakiwa wamejaa na mitungi ya pombe imepangwa. Nataka kuja siku ya kazi, siku isiyo na jina. Atanishusha Himo, nitapanda mwenyewe mlimani mpaka nyumbani. Sihitaji kikao wala chakula cha wageni. Nataka unishike mkono unipeleke pale alipo Baba, maana peke yangu nitapita tena nyuma ya jiko, najijua. Kama hutaki nije, mpigie Neema umwambie tu, "Asije sasa." Nitaelewa, na Alhamisi nitakwenda kupanga viti kama kawaida.

Msalimie Mama, umkaribie upande wake mzuri. Msalimie shemeji, mwambie ile pampu aliyoulizia ipo, nitakuja nayo. Wasalimie wapwa zangu wote, hasa huyo anayesomea ualimu kufuata nyayo zako. Msalimie mjomba, na shangazi wa kule juu ambaye kila mwaka ananiambia nimekonda, safari hii ataona nimenenepa. Mchungaji pia umpe salamu, naye alisimama mvuani. Wifi yako anakuamkia. Hajaisoma barua hii, amekataa, amesema ni ya kwako.

Nimeiandika mara moja bila kufuta, mkono haukutikisika. Uangalie mwandiko mwenyewe, wewe ni mwalimu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hakuwa njiani,

Aminieli